Shamba Lililochoka Halitukanwi

Hapa Ufipa iko salamu moja tunayoitoa tangu asubuhi hadi jioni bila kuifikiria, nayo ni "pole na kazi". Tunampa mama anayerudi na kuni, fundi wa baiskeli pembeni mwa barabara, mwalimu anayebeba rundo la madaftari ya kusahihisha. Naye aliyepewa hujibu, "Nimeshapoa," hata kama hajapoa hata kidogo. Insha hii inawahusu hao ambao hawajapoa. Inahusu pia kazi tuliyoifanya sisi waumini wanne wa parokia moja ya Sumbawanga, ya kutafuta namna ya kuwachora.

Sisi wanne tuna kazi zetu: mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mmoja ni karani, mmoja hutengeneza simu na kompyuta, na mmoja ni muuguzi katika zahanati ya kijijini. Paroko wetu alituomba tutengeneze filamu fupi za katuni, kila moja ya dakika moja na nusu, za kuonyeshwa katika semina za wafanyakazi na za jumuiya ndogo ndogo. Somo alilotupa lilikuwa hali ya mtu ambaye kazi imemmaliza. Hakutuambia tuchore namna gani, na hapo ndipo safari yetu ilipoanzia. Maana kumchora mtu mgonjwa ni rahisi: mlaze kitandani. Kumchora mlevi ni rahisi pia. Lakini mtu aliyechoka mpaka rohoni huamka, huoga, huvaa sare yake, hufika kazini, husaini daftari. Ukimtazama kwa nje, hana kasoro.

Tulitaka kwanza kujua vizuri ni kitu gani tunakichora. Tulisoma kwamba mwaka 1974 mwanasaikolojia aitwaye Herbert Freudenberger, aliyejitolea katika zahanati ya bure huko New York, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa waliojitolea pamoja naye: walikuja na moyo mkubwa, na baada ya muda walibaki watupu. Mwaka 1981 Christina Maslach na mwenzake walichapisha maswali ya kuipimia hali hiyo. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huo si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na mambo ya kazini, pale ambapo msongo wa muda mrefu haukushughulikiwa vizuri. Likataja dalili tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba hafanyi tena la maana.

Muuguzi wetu aliposikia dalili ya pili, aliomba tuirudie. Kisha akasema maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyatarajia. Alisema, "Ndugu zangu, mimi sina huruma tena. Mama analetwa anaumwa uchungu, na mimi namwona kama mzigo ulioshushwa mlangoni. Nasali kila jioni huruma irudi, na hairudi." Alikuwa amefanya kazi peke yake katika zahanati ile kwa miezi mingi, mchana na usiku, kwa sababu mwenzake alihamishwa na nafasi haikujazwa. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na siku ile alituonyesha.

Tangu hapo kazi yetu haikuwa tena kazi ya michoro tu.

Picha ya kwanza tuliyoipima ilikuwa ya moto. Neno la Kiingereza la hali hii limetokana na kitu kilichoungua hadi kikabaki majivu, na katika mabango ya nchi za nje mara nyingi utaona kiberiti kilichoteketea au mtu anayetoka moshi kichwani. Tulichora mhasibu anayewaka kama mshumaa, tukawaonyesha akina mama wa jumuiya yetu. Mmoja wao alifurahi sana. "Huyu amejazwa Roho," alisema. Wenzake wakakubaliana naye. Na kwa nini wasikubaliane? Kanisani moto ni jambo jema. Mitume siku ya Pentekoste walishukiwa na ndimi za moto, na mtu tunayemsifu kwa utumishi tunasema anawaka. Na nje ya kanisa, katika nchi hii moto hutengeneza. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, ambayo Profesa Bertram Mapunda ameyatafiti kwa miaka mingi. Leo kila kiangazi unaona moshi wa matanuru ya matofali. Kwetu kitu kilichopita motoni kimeiva.

Hata hivyo picha hiyo ilitufundisha jambo. Katika kitabu cha Kutoka, Musa aliona kijiti kinawaka moto wala hakiteketei. Mmoja wetu aliuliza: kwa nini hakikuteketea? Tukaona kwamba moto ule haukula kuni za kijiti. Ulikuwa moto wa Mungu, na kijiti kilikuwa mahali pake tu. Mtumishi anayejifanya yeye mwenyewe kuwa kuni ataungua, hata kama kazi anayoifanya ni takatifu. Wazo hili tuliliweka akibani, lakini moto wenyewe tuliutoa katika filamu.

Picha ya pili ilikuwa ya kivuli. Tulichora mtu wa rangi ya majivu, macho yake mashimo meusi, anatembea kwenda kazini alfajiri kama anayeota. Kwa mchoro ilikuwa picha nzuri, na sehemu nyingi duniani ingeeleweka mara moja. Hapa kwetu ilieleweka mara moja vilevile, lakini kwa maana nyingine. Vijana wa kwaya walipoiona walinyamaza, halafu mmoja akanong'ona, "Huyo ni msukule."

Ndugu msomaji wa mbali pengine hajui uzito wa neno hilo. Msukule husemwa kuwa ni mtu aliyechukuliwa kwa uchawi, akafanywa mtumwa wa kulima mashamba ya wengine usiku, na kulipokucha anaamka amechoka bila kujua kwa nini. Mji wetu wenyewe, kama wazee wanavyoeleza, jina lake lina maana ya kutupa uchawi: anayeingia Sumbawanga na autupe uchawi wake mlangoni. Lakini sifa iliyotutangulia kwa watu wa mikoa mingine ni kinyume chake, na utani huo tumeuzoea. Jambo lisilo la utani ni hili: mtu wa kwetu akianza kuamka amechoka kila siku, akapoteza furaha, akakaa kimya, wapo watakaomwambia kwamba kuna mtu. Muuguzi wetu aliambiwa hivyo na ndugu zake wawili. Mmoja alitaka ampeleke kwa mganga, mwingine alitaka apelekwe kwenye maombezi ya usiku kucha. Fikirini, mtu ambaye kilichomwangusha ni kukosa usingizi, anapelekwa kukesha.

Kwa hiyo tulijiwekea sheria ya kwanza ya michoro yetu: mtu aliyechoka hatachorwa kama mtu wa kutisha. Ngozi yake haitapoteza rangi yake. Macho yake yatabaki macho ya mtu. Hatutatumia usiku na vivuli virefu kumweleza. Kilicho kibaya kitachorwa nje yake, kionekane kuwa si yeye.

Sheria hiyo tuliithibitisha kwa Maandiko. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya, akiwa ametoka tu katika ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli, anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Mungu hakumkemea pepo wa kuchoka. Hakumwuliza imani yake imeenda wapi. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Maswali yalikuja baadaye, baada ya safari ndefu. Ikiwa Mwenyezi Mungu alianza na usingizi na chakula, sisi ni nani tuanze na mahubiri?

Picha ya tatu ilikuwa ya rangi kali. Nchi yetu ina mtindo wake unaojulikana ulimwenguni kote, ule aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wa kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa za mafuta. Mtindo huo ulishatumika katika mfululizo wa katuni za watoto uliotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa kuanzia mwaka 2010. Na watoto wetu wote wanazijua katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 2014. Tunazipenda. Lakini tulipowaonyesha watu wazima twiga anayefanya kazi ofisini, waliwaita watoto waje watazame, wao wakaendelea na mazungumzo. Tulihitaji picha ambayo baba wa miaka hamsini angeiona kuwa inamhusu.

Jibu lilitoka shambani. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akilalamika juu ya ekari zake za mahindi upande wa milima ya Mbizi. "Shamba lile limechoka," alisema. "Mwaka huu naliacha lipumzike." Mwalimu wetu akamwuliza kwa adabu, "Babu, je, ni la kivivu?" Mzee akacheka sana. "Mwanangu, nani anamtukana shamba? Limenilisha miaka yote hiyo. Limetoa mpaka likaisha."

Tulitazamana. Neno lile lile, kuchoka, tulikuwa nalo siku zote. Tunalitumia kwa ardhi kwa heshima na kwa akili. Tukilitumia kwa mtu, linageuka kuwa aibu. Na tena Mfipa anajua kabisa dawa ya ardhi iliyochoka. Wazee wetu walibuni matuta ya mviringo, ambayo kwa Kifipa huitwa intumba. Mvua zikielekea mwisho, unalima majani, unayakusanya na kuyafunika kwa udongo, tuta kwa tuta, na mara nyingi unapanda maharage juu yake. Majani yanaoza polepole ndani, hakuna anayeyaona. Mvua za msimu unaofuata zikikaribia, unayabomoa matuta na kuutawanya ule udongo mweusi, unapanda ulezi au mahindi. Mtu asiyejua akipita anaona vilima vidogo vimekaa tu, kumbe chini yake kazi inaendelea.

Basi hapo tulipata mtindo wetu. Kila mhusika katika filamu zetu ana kipande chake cha ardhi. Hakichorwi mbali naye. Ni sehemu ya chini ya picha yenyewe, pale anaposimama. Muuguzi akiwa na nguvu, udongo chini ya miguu yake ni mweusi na una majani. Kila anapohudumia mtu, jani moja linachumwa. Ni jambo jema, na uso wake unafurahi. Lakini hakuna anayerudisha kitu. Udongo unageuka wa kahawia, kisha mwekundu, kisha unapasuka kama njia ya kiangazi. Yeye mwenyewe habadiliki rangi. Anayetazama anaona wazi kwamba tatizo si mtu huyu kuwa mbaya; amevunwa misimu mingi bila kupumzishwa.

Jambo la pili ni mzigo. Wahusika wetu hubeba kazi zao kichwani, juu ya kata, kama mama anavyobeba ndoo. Karani anabeba mafaili, mwalimu anabeba madaftari. Watu wanaopita wanaongeza kitu kimoja kimoja, kila mmoja kwa upole, na kila mmoja akisema "samahani kidogo tu". Hakuna mtu mbaya katika filamu zetu. Hilo tulilifanya kwa makusudi, maana katika mji mdogo, ukimchora bosi mwenye kitambi, kesho watu watasema ni bosi fulani.

Kwa sababu hiyo hiyo hatukuchora nyuso kwa undani. Tulikata watu katika karatasi ya manila, tukawavika vipande halisi vya kitenge, tukawalaza juu ya kioo na kuwapiga picha kwa simu kutoka juu, tukiwasogeza kidogo kidogo. Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1926 mama mmoja wa Ujerumani, Lotte Reiniger, alimaliza filamu ndefu nzima kwa vivuli vya karatasi alivyovikata kwa mkasi. Sisi tulitumia picha 12 kwa kila sekunde, badala ya 24 za sinema ya kawaida. Hata hivyo, filamu ya sekunde 90 inahitaji picha 1,080, na filamu tano zinahitaji 5,400. Tulikubaliana kwamba saa tatu usiku tunazima taa, hata kama mhusika amebaki na mguu mmoja hewani, na kwamba Jumapili hatugusi mkasi. Ingekuwa ajabu kuwahubiria watu mapumziko huku sisi wenyewe tunaanguka.

Tulipoonyesha filamu ya kwanza katika kigango kimoja baada ya Misa, mzee mwingine aliyewahi kuwa katekista kwa miaka mingi alisimama. Tunamheshimu sana, na maneno yake yalikuwa mazito. "Wanangu," alisema, "mmechora vizuri. Lakini mnataka kuwafundisha watu uvivu. Daktari Atiman alichoka lini?"

Kwa wasiomjua, Adrian Atiman alizaliwa huko Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto na kufanywa mtumwa. Wamisionari wa Afrika, ambao sisi tunawaita Mapadre Weupe, walimkomboa, wakamsomesha uganga huko Malta. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akiwa katekista na daktari, akawahudumia watu wa huko kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Jina lake limo katika hospitali ya jimbo letu hapa mjini. Ukitaka kumnyamazisha Mkristo wa Ufipa anayesema amechoka, mtajie Atiman.

Tulimjibu mzee kwa unyenyekevu, na tunaandika hapa tuliyomjibu. "Babu, Daktari Atiman ni baba yetu pia. Lakini tuangalie alivyoishi. Alikuwa na mke, Agnes, na mwana wao Yosefu akawa padre. Aliishi katika misioni ambayo siku yake ilipangwa kwa sala na kwa kengele, na Jumapili ilikuwa Jumapili. Na misioni ile ilikuwa ya shirika ambalo mwanzilishi wake, Kardinali Lavigerie, aliweka sheria kwamba wamisionari wasikae chini ya watatu mahali pamoja, hata kama watu ni wachache na kazi ni nyingi. Hakutaka mtu awe peke yake. Sasa binti yetu huyu yuko peke yake katika zahanati, usiku na mchana. Je, tumlinganishe na Atiman, au tumpe kwanza alichokuwa nacho Atiman?"

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema jambo lililokuwa bora kuliko jibu letu. Alisema kwamba yeye analima kwa maksai, na nira imetengenezwa kwa ng'ombe wawili. Ukimfunga mmoja peke yake upande mmoja, nira inamnyonga, hata kama ni ng'ombe mwenye nguvu kuliko wote. "Labda," alisema, "Bwana aliposema tujitie nira yake, alimaanisha kwamba upande wa pili yupo yeye." Hatukuwahi kulisikia fumbo hilo likielezwa hivyo, na tangu siku hiyo nira imeingia katika filamu ya pili.

Tuliporudi nyumbani tulisoma sura ya sita ya Injili ya Marko kwa macho mapya. Yesu anawatuma mitume wawili wawili. Wanaporudi na kumweleza yote waliyoyafanya, anawaita waende mahali pa faragha wakapumzike, kwa sababu watu walikuwa wengi hata wao hawakupata nafasi ya kula. Ni kweli kwamba umati uliwafuata, naye akauhurumia na kuufundisha. Lakini mwaliko ule wa kupumzika aliutoa yeye mwenyewe, na aliutoa kwa watu waliokuwa wamefanya kazi vizuri. Kupumzika hakukuwa adhabu wala udhaifu. Kulikuwa sehemu ya utume.

Filamu ya tatu na ya nne zinahusu haki. Watu wengi tulioongea nao hawakujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki, inadai mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wengine walijua, lakini waliona kuomba likizo ni kama kuomba msaada. Kanisa halijakaa kimya juu ya hili. Papa Leo wa 13 katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi alitetea pumziko lao, na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1981 alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Katika filamu ya nne sheria inachorwa kama ua wa miti kuzunguka shamba. Ua haulimi wala haupandi, lakini bila ua mazao yote ni ya mbuzi wa kila mtu.

Filamu ya tano ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu inatuhusu sisi Kanisa. Inamwonyesha mama ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya, mtunza hazina wa chama, mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa Komunyo ya Kwanza na mjumbe wa kamati ya ujenzi. Kila Jumapili anatoka asubuhi na kurudi jioni. Anayeongeza vitu juu ya kata yake safari hii ana rozari shingoni. Kisha anakuja mzee mmoja mwenye fimbo: ni Yethro, mkwe wa Musa. Katika Kutoka sura ya 18 alimkuta Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema, na kwamba atadhoofika, yeye na watu pia. Akamshauri agawe kazi. Musa, aliyezungumza na Mungu, alimsikiliza mkwe wake.

Baada ya kuitazama filamu hiyo, halmashauri ya parokia ilihesabu vyeo vyake vyote na majina ya walioshika vyeo hivyo. Majina yalikuwa machache kuliko vyeo, na machache kwa mbali. Imekubaliwa kwamba mtu asishike nafasi zaidi ya mbili. Si wote waliofurahi. Wapo waliozoea kuwa na funguo zote.

Na muuguzi wetu? Barua ile haikupelekwa, wala haikuchanwa. Aliandika nyingine ya kuomba likizo yake iliyolimbikizwa, na mkuu wake, baada ya kusitasita, akamruhusu na kuleta mtu wa kushika zamu. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alikuwa na hasira bila sababu. Wiki ya tatu mtoto wa jirani aliungua kwa uji, naye alipokuwa akimfunga kidonda alijikuta analia pamoja na mama wa mtoto. Alikuja kutuambia akiwa bado amevaa kanga iliyolowa. Huruma ilikuwa imerudi, tena si wakati anaiomba. Ilikuwa inaoza na kuiva chini ya udongo, kama majani ya intumba, wakati sote tunadhani hakuna kinachoendelea.

Yeye ndiye aliyebadilisha picha ya mwisho ya filamu ya kwanza. Tulikuwa tumepanga shamba liote maua mengi. Alitukataza. "Msiwadanganye," alisema. "Wekeni tuta moja tu, na mvua ianze." Zahanati ile, alikorudi, mpaka tunapoandika haya ina muuguzi wa pili kwa siku tatu za wiki. Siku nne zilizobaki bado yuko peke yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo limekwisha.

Tunachoweza kuwasihi, ndugu waumini, ni mambo machache ambayo kila jumuiya inaweza kuyafanya. Mtu akisema amechoka, msimtafutie mchawi, na msimtafutie dhambi kabla hamjamtafutia usingizi. Mwulizeni nani amesimama upande wa pili wa nira yake. Kama hakuna mtu, kaeni ninyi hapo, hata kwa jambo dogo: kumlelea watoto Jumamosi, kumpelekea chakula zamu ya usiku, kwenda naye kuomba likizo anayostahili. Na mnapochagua viongozi wa jumuiya mwaka huu, hesabuni kwanza ndoo ambazo tayari ziko juu ya kichwa cha huyo mnayemtaja jina.

Waendesha bodaboda wa stendi wametuomba filamu ya sita, inayowahusu wao. Tutaianza mvua zikikatika. Tuombeeni, na saa tatu usiku tutazima taa.